Kuzamia na papa kisiwani Saba: jibu kwa msomaji anayejiandaa kwa safari ya Februari

Swali limetoka kwa dada wa Kitanzania anayeishi Uholanzi. Yeye na mumewe wamepanga kwenda kisiwa cha Saba, katika Bahari ya Karibi, mwezi wa Februari. Cheti chake cha kwanza cha uzamiaji alikipata Nungwi, Unguja, na tangu hapo amezamia mara chache tu. Amewahi pia kuogelea na potwe huko Mafia. Anauliza mambo matatu. Je, ni kweli kwamba volkano ndiyo inayowavuta papa wa Saba? Je, ni salama kwa mtu wa kiwango chake, na je, hali hubadilika iwapo siku zake za hedhi zitaangukia safarini? Na afanye nini papa akimkaribia?

Dada, nakushukuru kwa kuuliza mapema, kwa sababu jibu langu litakutaka ufanye maandalizi kadhaa kabla ya kuondoka. Kwa kifupi, unaweza kuzamia Saba na kuwaona papa kwa usalama, lakini katika maelezo yako kinachonitia wasiwasi si papa hata kidogo. Ni kina cha maji. Papa wanaosimuliwa sana na wageni wa Saba huonekana kwenye vilele vya mwamba ambavyo ncha zake ziko kama mita 27 hadi 30 chini ya uso wa bahari, ilhali cheti ulichonacho kinakuruhusu kufika mita 18. Tofauti hiyo ya mita kumi na kidogo ndiyo nitakayoizungumzia kwa urefu zaidi, kwa kuwa ndiyo yenye kudhuru watu. Nianze, hata hivyo, na swali lako la volkano.

Saba ni kisiwa kidogo cha kilomita za mraba 13, na tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Kisiwa chote ni mlima mmoja wa volkano uliochomoza kutoka baharini, na kilele chake, Mount Scenery, chenye karibu mita 880, ndicho kirefu kuliko vyote katika Ufalme wa Uholanzi. Mlima huo ni mmojawapo katika safu ya visiwa vya Antili Ndogo, iliyotokana na ukoko wa dunia wa chini ya Atlantiki kuzama polepole chini ya bamba la Karibi, na miamba inayoyeyuka huko chini kutafuta njia ya kupanda juu. Volkano ya Saba haijalipuka kwa mamia ya miaka, lakini joto lake halijaisha. Upande wa magharibi, karibu na Ladder Bay, kuna mahali ambapo mchanga wa chini ya bahari una rangi ya dhahabu, na ukichomeka vidole ndani yake unahisi joto dhahiri, ingawa maji yanayokuzunguka ni yaleyale ya bahari nzima.

Papa hawafuati joto hilo. Volkano imewasaidia kwa njia nyingine, nayo ni umbo la ardhi. Visiwa vingi vya matumbawe vina ukanda mpana wa maji mafupi kabla ya kufika kwenye mteremko, lakini Saba haina. Majabali yanayouzunguka mlima yanaendelea kushuka chini ya maji kwa ukali uleule unaouona nchi kavu, hivyo boti ikitoka bandari ya Fort Bay haichukui muda kabla ya kufika juu ya maji ya kina kirefu. Ndani ya maji hayo kuna vilele vyembamba vya mwamba wa volkano vilivyosimama peke yao, mbali kidogo na ufuko. Mkondo unapogonga kilele cha namna hiyo, maji hupandishwa juu pamoja na vijidudu vyake; vijidudu huwavuta samaki wadogo, samaki wadogo huwavuta kolekole, chewa na mzia, na hao ndio chakula cha papa. Juu ya miamba hiyo matumbawe na sifongo kubwa za rangi ya machungwa zimejishika moja kwa moja kwenye mawe ya lava, na katika nyufa zake samaki wanapata maficho ambayo mchanga mtupu usingewapa.

Lakini umbo la ardhi peke yake halitoshi, na hapa ndipo sifa inapowastahili watu wa Saba. Visiwa vya volkano katika Karibi ni vingi, na katika maeneo mengi ya bahari hiyo mtu anaweza kuzamia wiki nzima asione papa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, ambao uliweka kamera zenye chambo kwenye miamba 371 katika nchi na himaya 58 duniani, haukuona papa hata mmoja katika karibu mwamba mmoja kati ya kila mitano. Saba ilianzisha hifadhi yake ya bahari mwaka 1987, ikizunguka kisiwa kizima kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60, na usimamizi wake ukakabidhiwa taasisi ya hifadhi ya kisiwani, Saba Conservation Foundation. Boti za wazamiaji hufungwa kwenye maboya ya kudumu ili nanga zisivunje matumbawe, na kila mgeni huchangia ada. Mwaka 2015 bahari inayozunguka Saba na Bonaire ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi ya papa na mamalia wa baharini, linaloitwa Yarari, na miaka michache baadaye kisiwa jirani cha St. Eustatius nacho kikaingizwa. Kilomita chache kusini-magharibi mwa kisiwa kuna Saba Bank, uwanda mkubwa uliozama wenye zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ambao tangu mwaka 2012 meli zinazopita zimepigwa marufuku kutia nanga juu yake. Papa hawajui mipaka hiyo, na papa usingizi, aina nitakayoieleza hapa chini, bado huingia kwenye mitego ya kamba kochi inayotegwa huko, ila mtu anayelipa ada yake Saba ajue kwamba papa atakaowaona wapo kwa sababu kuna watu waliowalinda kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sasa ni papa gani utakaowaona? Kwa sehemu kubwa ni wa aina mbili, na tabia zao zinatofautiana sana. Wa kwanza ni papa wa miamba wa Karibi (Carcharhinus perezi), mwenye mwili mnene wa kijivu, tumbo jeupe, na urefu ambao kwa kawaida ni mita moja na nusu hadi mbili na kitu, ingawa wapo wanaokaribia mita tatu. Yeye hutembea muda mwingi na ni mdadisi. Wa pili ni papa usingizi (Ginglymostoma cirratum), mwenye rangi ya kahawia, kichwa kipana na sharubu mbili fupi mdomoni, ambaye mchana hulala chini ya kingo za mwamba na kuwinda usiku. Huyu ana uwezo wa kusukuma maji kwenye matamvua yake akiwa ametulia tuli, na ndiyo maana wageni wengi humdhani amekufa au mgonjwa. Mara chache sana watu huona pingusi, yule papa mwenye kichwa kama nyundo, au papa wa mistari, lakini hilo ni la bahati na usilipangie safari.

Umesema umewahi kuogelea na potwe huko Mafia, nami nataka uichukue kumbukumbu hiyo kwa tahadhari. Potwe ni papa pia, lakini anakula vijidudu vya majini, na kule Kilindoni watu humfuata juu ya maji wakiwa na miwani na mrija tu. Mtu huogelea kwa nguvu ili aende naye sambamba. Ukiipeleka desturi hiyo Saba utaharibu mambo: papa wa miamba akifuatwa huondoka, na asipoondoka ni kwa sababu amekasirika. Saba ni wewe unayesubiri, naye anayeamua umbali.

Kuhusu hatari yenyewe, takwimu za kimataifa zinazowekwa na Chuo Kikuu cha Florida huonyesha kwa wastani kati ya matukio 60 na 70 kwa mwaka, duniani kote, ambapo papa humuuma mtu aliyekuwa hajamchokoza, na vifo kati ya hayo kwa kawaida huwa vichache kuliko kumi. Wengi wa walioumwa ni watelezaji wa mawimbi na waogeleaji walioko juu ya maji. Wazamiaji wenye mitungi ni sehemu ndogo. Sababu inaeleweka: mzamiaji yuko chini, macho yake yanaona, mapovu yake yanapiga kelele, na umbo lake halifanani na chakula chochote cha papa. Kwa papa usingizi, visa vingi vya kuumwa vinatokana na mtu kumshika mkia, kumpapasa au kumziba njia ya kutokea akiwa chini ya mwamba. Hili liko mikononi mwako kabisa.

Swali la hedhi umeliuliza kwa kusitasita, na hukuwa na haja ya kusitasita, kwa sababu wanawake wengi wanaozamia hulibeba moyoni bila kupata wa kumuuliza. Hakuna ushahidi wowote wa kitabibu wala wa kumbukumbu za matukio unaoonyesha kwamba mwanamke aliye katika siku zake huwavuta papa au huumwa zaidi kuliko wengine. Kiasi cha damu ni kidogo, tena huchanganyika na majimaji mengine ya mwili, na si harufu ya samaki aliyejeruhiwa. Wapo wanawake wanaofanya kazi ya kuongoza wazamiaji kati ya papa mwezi mzima bila kuruka siku. Kinachopaswa kukuongoza ni hali yako mwenyewe: ukiwa na maumivu makali, uchovu au kizunguzungu, pumzika, kama ambavyo mtu mwenye mafua angepaswa kupumzika.

Turudi kwenye kina, maana hapa ndipo penye kazi. Sehemu inayotajwa sana Saba inaitwa Third Encounter. Ni uwanda wa mwamba ulio kwenye kina cha karibu mita 30, na ng'ambo yake kidogo, ukiuacha uwanda na kuogelea juu ya maji ya buluu yasiyo na chini inayoonekana, unakutana na Eye of the Needle, mnara mwembamba wa mwamba unaoinuka kutoka kwenye kina kirefu hadi kama mita 27 chini ya uso wa maji, ukiwa umefunikwa na matumbawe na sifongo pande zote. Twilight Zone na Outer Limits ziko jirani na zina tabia hiyohiyo. Mtu hushuka kwa kufuata kamba ya boya, na kwa sehemu kubwa ya safari ya kushuka haoni chini wala pembeni kitu cha kumwonyesha kama anashuka haraka au polepole. Mzamiaji mgeni hupoteza hesabu ya kina kwa urahisi mahali pa namna hii, hasa papa anapopita upande wa chini na macho yakamfuata.

Chukua hesabu ya hewa. Juu ya maji, mtu mtulivu anaweza kutumia kama lita 20 za hewa kwa dakika akiwa anaogelea taratibu. Kwenye mita 30 mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu, kwa hiyo pumzi zilezile zinakula lita 80 kwa dakika. Mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una kama lita 2,200. Ukiweka akiba ya bar 50, ambayo si ya kuguswa ila kwa dharura, unabaki na lita 1,650, yaani dakika 20 hivi za kukaa chini, na humo hujatoa hewa ya kushuka, ya kupanda taratibu, na ya kusimama dakika tatu kwenye mita tano. Kwa vitendo, basi, una dakika 12 hadi 15. Hiyo ni hesabu ya mtu mtulivu. Mtu aliyeshtuka, au anayemkimbilia papa na kamera mkononi, anaweza kuvuta hewa mara mbili ya hapo. Uchunguzi wa vifo vya wazamiaji umeonyesha mara kwa mara kwamba kuishiwa hewa ni miongoni mwa vyanzo vikuu vinavyoanzisha mlolongo wa ajali. Papa hawamo kabisa katika orodha hiyo ya juu.

Kuna pia naitrojeni, gesi iliyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ambayo huingia mwilini zaidi kadiri unavyokaa kwenye kina. Kwa hewa ya kawaida, meza za uzamiaji zinazofundishwa kwa wanafunzi zinaruhusu kama dakika 20 kwenye mita 30 kabla ya kulazimika kusimama njiani ili mwili utoe naitrojeni, ilhali kwenye mita 18 zinaruhusu dakika 56. Tena, kuanzia karibu na mita 30 watu wengi huanza kuhisi ulevi wa naitrojeni: fikra zinakuwa nzito, mtu anatazama geji na kusahau mara moja alichokisoma, au anapata furaha isiyo na sababu. Ulevi huo hauumizi wenyewe na huisha ukipanda mita chache, lakini unakuja wakati uleule ambapo unahitaji akili timamu, na aliyelewa mara nyingi hajijui.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kwanza, kabla ya Februari, zamia tena na mwalimu huko uliko, hata kama ni kwenye bwawa la kuogelea, ili mikono ikumbuke kazi: kutoa maji kwenye miwani, kugawana hewa na mwenzako, na zaidi ya yote kuelea mahali pamoja bila kupanda wala kushuka na bila kupiga mikono. Mtu asiyeweza kutulia ndani ya maji hana raha kati ya papa, nao hawana raha naye. Pili, ukifika Saba omba kufanya kozi ya juu zaidi, ile inayokufikisha mita 30. Inachukua siku mbili au tatu, na mbizi yake ya kina unaweza kuifanya ukiwa na mwalimu kando yako. Tatu, uliza kuhusu hewa iliyoongezwa oksijeni, inayojulikana kama naitroksi. Mchanganyiko wa asilimia 32 unakuongezea muda kwenye mita 30, kutoka dakika 20 hadi karibu 30, lakini una mpaka wake wa chini, kwani ukivuka mita 33 hivi oksijeni yenyewe inaanza kuwa hatari. Inahitaji cheti chake, na haikuongezei hata lita moja ya hewa. Nasisitiza hilo kwa kuwa nimewasikia wengi wakidhani ukiwa na naitroksi unaweza kukaa chini upendavyo.

Siku mbili za mwanzo zitumie kwenye maji mafupi. Tent Reef huanza kwenye mita chache tu na kushuka taratibu hadi kwenye ukingo, na papa usingizi hupatikana huko wamelala chini ya mawe. Papa wa miamba pia hupita ukingoni mara kwa mara. Ladder Labyrinth, pale karibu na mchanga wenye joto, pana kasa, mikunga na vijia kati ya mawe ya lava ambamo utajizoeza kuelea. Diamond Rock, jabali linalochomoza juu ya maji na kupakwa weupe na vinyesi vya ndege, linakupa ukuta wa kutazama wakati wote unaposhuka, na kina chake cha chini kabisa kiko karibu na mita 25, hivyo linafaa kuwa daraja kati ya maji mafupi na vile vilele. Kiongozi wa kituo akikuambia siku ya kwanza, bila kukuona ukizamia, kwamba utaenda Third Encounter, mwambie hapana.

Papa atakapokuja, mambo huenda hivi. Kwanza unaona kivuli kwenye buluu, mbali, chini kidogo ya usawa wako. Hupotea. Baada ya dakika moja hutokea upande mwingine, karibu zaidi, akiwa amekuonyesha ubavu, na jicho lake dogo limekuelekea bila kupepesa. Mkia unapigwa kwa utulivu, mapezi ya mbele yamenyooka pembeni. Hana haraka, na anaweza kukuzunguka mara mbili au tatu kwa umbali wa mita tano hadi kumi kisha akaondoka moja kwa moja. Anapokuwa hivyo, huna la kufanya ila kupumua polepole, kukaa karibu na mwamba na wenzako, na kumtazama. Mikono iweke kifuani au kwenye mikanda ya jaketi la kuelea, usiipunge. Pete na bangili zinazong'aa ziache hotelini, kwa kuwa mmeto wake unafanana na wa magamba ya samaki. Usikae kati yake na ukuta wa mwamba kiasi cha kumfungia njia, wala usimwelekee ana kwa ana.

Dalili za kukereka kwake zinaonekana wazi kwa anayezijua: mapezi ya mbele yanashushwa chini, mgongo unapinda, kichwa kinayumbishwa huku na huku kuliko kawaida, na anaanza kukata kona za ghafla. Ukiona hayo, hajakusudia kukula; anakuambia umemkaribia mno. Mgeukie ili umwone, usimpe mgongo, rudi nyuma taratibu kuelekea mwamba pamoja na mwenzako, umwachie nafasi pana ya kutokea, kisha mmalize mbizi kwa mwendo wa kawaida. Kupanda kwa kukurupuka kwa sababu ya hofu ni kosa kubwa kuliko kubaki pale, kwani mapafu na naitrojeni havikusamehi. Mkifika juu, msipige maji mateke. Wekeni uso ndani ya maji mkitazama chini mpaka boti ifike.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulitazame kabla ya kuchagua kituo. Katika Karibi wapo wanaowalisha papa ili wageni wapate picha, na mahali pengine, kama Florida, jambo hilo limekatazwa kwa wazamiaji tangu mwaka 2002. Njia nyingine, isiyo rasmi, imetokana na samaki simba, yule mwenye mistari na miiba yenye sumu ambaye bila shaka umemwona kwenye miamba ya Unguja. Kwetu ana makao yake ya asili. Katika Karibi ni mvamizi aliyeingizwa na binadamu, anakula vifaranga vya samaki wa huko bila kuwa na adui wa kutosha, kwa hiyo wazamiaji wenye ruhusa humwinda kwa mkuki. Baadhi yao wamekuwa wakiwapa papa samaki hao waliochomwa mkuki, wakiamini wanawafundisha kuwinda wavamizi. Wanachojifunza papa ni kwamba mtu mwenye mtungi ana chakula. Papa aliyejifunza hivyo humsogelea kila mzamiaji, hata wewe usiye na chochote mkononi, na akikosa anachotarajia anakuwa msumbufu. Uliza kituo waziwazi kama wanalisha, na kama kuna uwindaji wa samaki simba katika mbizi utakayokwenda. Ikiwa upo, omba mbizi nyingine. Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu papa wa namna hiyo ndiye anayeishia kuuawa kwa kuonekana hatari. Jike la papa wa miamba huzaa watoto watatu hadi sita tu, baada ya mimba ya karibu mwaka mzima, tena si kila mwaka, na aina hii sasa imewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka.

Februari ni mwezi mzuri. Msimu wa vimbunga, ambao huanza Juni na kuisha Novemba, utakuwa umepita, maji yana nyuzijoto kama 26, na nyangumi wenye nundu hupita kwenye bahari hiyo kuanzia Januari hadi Aprili, hivyo usishangae ukiwasikia wakiimba ukiwa chini. Lakini pepo za wakati huo zinaweza kuinua mawimbi yakafunga sehemu za nje kwa siku kadhaa. Usipange siku moja tu ya kwenda kwenye vilele. Acha nafasi ya kusogeza mbele.

Kabla ya kusafiri, nunua bima ya uzamiaji inayogharimia kukusafirisha kwa ndege ya wagonjwa, kwa sababu kisiwa kina wakazi wapatao 2,000 na huduma zake za afya ni za kiasi hicho. Uliza kituo kwa maandishi ni wapi chumba cha mgandamizo (cha kutibu wazamiaji walioathiriwa na naitrojeni) kinachofanya kazi kilicho karibu zaidi katika wiki utakayokuwepo, na kama boti yao ina oksijeni. Kituo makini kitakujibu siku hiyohiyo.

La mwisho ni mpangilio wa siku. Kijiji cha Windwardside, ambako wageni wengi hulala, kiko juu mlimani, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, na kupanda gari kwenda huko baada ya kuzamia ni jambo la kila siku. Kilele cha Mount Scenery ni habari nyingine. Kina ngazi zaidi ya elfu moja, na urefu wake unavuka mita 610, ambapo miongozo ya wazamiaji huanza kuhesabu kupanda juu kama kupanda ndege; tena kutumia misuli kwa nguvu baada ya kuzamia huongeza mapovu ya naitrojeni mwilini. Mlima upande siku usiyozamia, kabla ya mbizi za safari au baada ya kupumzika muda wa kutosha. Kwa ndege, ngoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 ikiwa umezamia mara kadhaa au siku mfululizo, kama mtakavyofanya ninyi. Saa hizo zihesabu hadi kwenye ndege ndogo ya kwenda kisiwa jirani cha Sint Maarten, ile inayopaa kwenye kiwanja chenye barabara ya mita 400 tu, wala usizihesabu hadi ile kubwa ya kurudi Ulaya. Kwa hiyo kama ndege yenu ya kutoka Saba ni asubuhi, mbizi ya mwisho iishe kabla ya adhuhuri ya siku iliyotangulia, na jioni yake mwili ushinde kwenye kiti.